Debe la Kambini

Zamda alikuwa amechuchumaa katikati ya shamba lake, kijiti mkononi, akichambua mavi ya tembo. Bonge lilikuwa bado lina moto ndani, linafuka mvuke kwenye ubaridi wa asubuhi. Alilipasua kama anayepasua muhogo, akachokoa punje za mahindi, akazitupia kwenye ungo. Tembo ana tumbo kubwa na haraka nyingi. Mengi anayokula hutoka kama yalivyoingia. Punje zile angeziosha, angezianika, angewapa kuku. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu. Lakini kuku walikuwa wamebaki wawili tu, na ungo ule ulikuwa mkubwa mno kwa kuku wawili.

Kumzunguka, mahindi yalikuwa yamelala. Hayakukatwa, hayakuvunwa, yamelala tu, kama mkeka uliokaliwa na watu wanene.

Grasiana, jirani yake, alipita njiani na jembe begani. Babu yake Grasiana aliletwa kutoka Songea kukata mkonge Korogwe, na mkonge ulipokufa familia ikahamia huku Kwemkwazu, ng'ambo kidogo ya Kwamsisi, ikalima. Kwa hiyo walikuwa watani, yeye wa Songea na Zamda Mzigua, na utani haukupumzika hata siku ya msiba.

"Mavuno mema, mtani," Grasiana alisema. "Yako yamekobolewa kabisa, hulipi mashine."

"Ya kwako yanangoja tumbo la tembo mwingine," Zamda alimjibu bila kuinua kichwa. "Kamsubiri aje."

Walicheka. Huko mwisho wa shamba, Rehani, mume wa Zamda, alikuwa amesimama chini ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo mlinzi hupanda kulinda mazao. Mguu wake mmoja haukukunjika tangu alipoanguka kwenye lori la mkaa. Alikuwa analitazama debe lililoning'inia juu yake kama mtu anayetazama silaha iliyokatazwa.

Na kweli ilikuwa imekatazwa.

Kabla ya kambi, tembo walikuwa wapitaji. Walikuja na mvua, wakavunja hapa, wakala pale, wakapigiwa debe, wakaenda zao. Kila nyumba ilikuwa na debe lake na kila debe na mlio wake, hata mtu akiwa mbali alijua leo wamefika kwa fulani. Na debe halikupigwa kavu. Lilipigwa na matusi. Tembo alitaniwa kama mkwe wa upande wa pili: masikio yake, magoti yake, ngozi yake iliyomzidi kama koti la kurithi. Wazee walisema tembo ana haya, ukimtukana mbele ya wake zake anaondoka. Wanawake ndio waliokuwa mabingwa, na katika mabingwa hakuna aliyemfikia Zamda. Sauti yake ilivuka korongo.

Kisha akaja mwekezaji. Mkutano ukaitishwa, soda zikanywewa, mikono ikanyooshwa. Ng'ambo ya korongo yakasimama mahema yenye sakafu nzuri kuliko nyumba yoyote kijijini, na mbele ya mahema likachimbwa lambo, maji yanavutwa kwa mtambo wa jua, kiangazi na masika. Pembeni ya lambo wakamwaga chumvi ya ng'ombe. Tembo wakaona hakuna sababu ya kupita. Waliokuwa wapitaji wakawa wakazi. Kwenye kibao cha getini iliandikwa kwamba kila mgeni anayelala hapo anaokoa tembo mmoja. Nani anamwokoa mwenye shamba hawakuandika. Kibao kilikuwa kimejaa.

Wageni wakaja. Lakini jioni, kila mara tembo walipokusanyika lamboni, madebe ya Kwemkwazu yalilia, na tembo wakatawanyika kabla watu hawajapiga picha. Wageni wakalalamika. Semboja, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano wa pili, huu haukuwa na soda. Akasema msimu wa wageni ni marufuku kupiga debe wala kuwasha moto shambani. Atakayepiga atatoa mbuzi, maana atakuwa anahujumu maendeleo. Mtu mmoja akauliza sasa tembo tuwafukuze kwa kitu gani. Semboja akasema serikali ipo.

Zamda aliendelea kuwatukana bila debe, kutoka juu ya dungu, kwa sauti tupu. Matusi hayakuwa yametajwa kwenye marufuku. Na hapo ndipo meneja wa kambi alipomfuata. Aliitwa Nicolaus, kijana wa Korogwe mjini, mpole, viatu vyake havikushika vumbi.

"Shikamoo, mama Maryamu. Ile sauti yako jana wageni wameipenda sana."

"Marahaba. Ile haikuwa ya wageni."

"Najua, mama. Ndiyo maana wameipenda."

Alichotaka ni kwamba kila alasiri aje kambini, akae kwenye kijukwaa walichomjengea karibu na lambo, apige debe na kutukana, wageni waone jinsi Mzigua anavyoishi na tembo. Angelipwa kwa unga na mafuta ya kupikia. Shamba lilikuwa limeshaliwa nusu. Zamda alimtazama Rehani, Rehani akatazama mguu wake. Wakakubali.

Siku za mwanzo, Zamda alipopiga, tembo walikimbia kama ilivyo haki yao. Wageni wakanung'unika. Nicolaus alimweleza kwa upole uleule kwamba mgeni hakusafiri kutoka huko kote aje aone matako ya tembo. Akaja na mpango mwingine: debe likianza tu kulia, mfanyakazi amwage chumvi na pumba palepale chini ya kijukwaa. Wale waliokimbia wakasimama mbali. Kesho yake wakasimama karibu. Haukupita mwezi, Zamda akipiga debe walikuja wenyewe, masikio yamelegea, wengine na watoto wao, wakala miguuni pake huku anawatukana mama zao.

Wa kwanza daima alikuwa dume moja kubwa ambalo mkia wake ulikatika zamani. Kijijini walimwita Kigutu. Kambini walimwita Babu, na picha yake ilikuwa ukutani mapokezi.

"Meneja," Zamda alimwambia siku moja, "hawa hawaogopi tena."

"Ndiyo mafanikio yenyewe, mama. Uhifadhi ni mnyama asimwogope mtu."

"Na mtu?"

Nicolaus alicheka. Akawatafsiria wageni, wageni nao wakacheka, mmoja akamshika Zamda bega kwa upendo.

Nyumbani alimsimulia Rehani kwamba Kigutu siku hizi anakuja kama mbuzi aliyeitiwa pumba. Rehani alicheka mpaka akakohoa. Hakuna kati yao aliyeendelea kuwaza zaidi ya hapo. Debe la kambini lilikuwa mchezo, debe la shambani lilikuwa kazi, na nani anachanganya mchezo na kazi? Tangu babu na bibi, debe hufukuza tembo.

Asubuhi ile ya mavi, Rehani alikuja kutoka kwenye dungu akichechemea, akasimama mbele ya mkewe na ungo wake. Kilichobaki cha kuwafikisha msimu ujao ni kile kipande cha karibu na nyumba na mistari michache chini ya dungu.

"Leo nitapiga," alisema.

"Watakutoza mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

Mbuzi hawakuwa nao.

Alasiri ile kambini walikuwapo wageni wengi, wazee wazee, wamevaa kofia zenye kamba. Zamda alipanda kijukwaa chake, akaanza. Wakaja majike na watoto. Kigutu hakuonekana. Nicolaus alimpa ishara aongeze, akaongeza. Akamsema Kigutu kwa jina, akauliza mkia wake amemwachia nani, amekwenda kuufuata kwa hawara gani. Hakuja.

Ndipo aliposikia, ng'ambo ya korongo, debe lingine. La kwao. Lilikuwa na kishindo kizito upande mmoja kwa sababu kitako chake kilibonyea. Na sauti ya Rehani, mbovu, inakwaruza, inarudia matusi yaleyale ya mkewe na kuyakosea. Zamda alitabasamu pale juu. Mgeni mmoja alimpiga picha akiwa anatabasamu. Mume wangu leo amekuwa mwanamume, alijisemea. Debe lile liliongeza kasi, likaongeza tena, likawa kama mvua juu ya bati. Kisha likanyamaza. Akadhani wameondoka. Akadhani amechoka. Akaendelea na kazi yake mpaka wageni wakapiga makofi.

Semboja alimkuta getini, amekuja kumchukua na bodaboda.

Aliyeona ni Grasiana, alikuwa shambani kwake, mpaka mmoja na wao, upande wa kambini. Alisema Kigutu hakutoka porini kwa kukimbia. Alitoka anatembea, moja kwa moja, kama mtu aliyeitwa kula. Rehani alipomwona akapiga kwa nguvu, na kadiri alivyopiga ndivyo yule alivyokaza mwendo. Akafika chini ya dungu, akainua mkonga juu, akangoja. Rehani hakuwa na cha kumpa. Alimtupia debe. Kigutu akalipekua debe, akakuta tupu, akashika nguzo ya dungu akavuta.

"Hakumkanyaga kwa hasira," Grasiana alisema. "Nilimwona. Alikuwa anatafuta."

Gari la kijiji halikuwapo, gari la kambi lilikuwa linapeleka wageni kutazama machweo. Walimpandisha Rehani kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Alikata roho kabla ya kuiona zahanati ya Kwamsisi.

Zamda akaingia eda. Maryamu, binti yao, alikuja kutoka kwa mumewe huko Kwaluguru, akazika, akakaa na mama yake siku chache, akarudi kwenye njaa ya kwake. Grasiana alikuja kila asubuhi na kibakuli. Siku moja alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni akichezea pindo la kanga.

"Meneja amenifuata," alisema. "Anataka nishike nafasi yako mpaka utoke."

"Matusi unayajua?"

"Nimekusikia miaka yote."

"Basi nenda. Ila usiyakosee."

Grasiana alilia kidogo, Zamda hakulia. Unga ni unga.

Wakati huo askari wawili wa wanyamapori walikuwa wameletwa, mkubwa wao Castory, mtu mzima mwenye bunduki nzito na kikohozi. Amri ilikuwa imetoka kwamba Kigutu ameua mtu, auawe. Lakini Kigutu hakuwa mjinga. Alikaa kwenye kichaka kizito kule chini ya korongo, harufu ya bunduki ikifika, yeye haonekani. Askari walipiga debe wenyewe, kavu kavu, kama wanaogonga mlango wa mdaiwa. Hakutoka. Lamboni hawakuruhusiwa kumpiga.

Basi wakaja kwa Zamda. Semboja, Castory na Nicolaus, wakakaa kwenye mkeka nje ya mlango. Yeye ndani, nyuma ya pazia, kama desturi ya mwenye eda inavyotaka. Nicolaus alitoa pole ndefu. Semboja akaeleza habari ya kifuta machozi, ile fedha ambayo serikali humpa mfiwa aliyeuliwa ndugu na mnyama. Jambo lake liko mbioni, alisema, ila wilayani wanauliza kwanza huyo mnyama amefanywa nini. Zamda alisikiliza mpaka mwisho.

"Mnataka nini?"

"Tunaomba ukamwite," Semboja alisema. "Shambani kwako. Askari wamepiga, hakuja. Anataka mkono wako na maneno yako."

"Mimi nina eda, mwenyekiti."

"Shehe amesema dharura inaruhusu."

"Alisema kabla ya kwenda kambini au baada?"

Castory akakohoa, akatazama chini. Nicolaus ndiye aliyejibu.

"Mama, wageni leo tumewapandisha Dindira kuangalia chai. Watarudi alasiri. Tungemaliza kabla."

"Kwa nini kabla? Si ndiye Babu yao? Waje wamzike."

"Mama yangu," Nicolaus alisema taratibu, "wale wakiona damu hawarudi. Wasiporudi, kambi inafungwa. Kambi ikifungwa, huyu mnyama na wenzake nani atawalinda? Watakwisha kwa majangili. Fikiria na upande wa tembo."

Nyuma ya pazia Zamda alifikiria, si upande wa tembo. Alifikiria kile kipande cha karibu na nyumba, kilichobaki wima mpaka leo kwa bahati tu. Kigutu akiwa hai, kile hakifiki mwisho wa wiki. Na kweli, tusidanganyane, alitaka pia kumwona amelala. Akasimama, akajifunika shuka, akatoka nje kwenye jua ambalo hakuwa amelikanyaga tangu maziko.

Walimpa debe jipya. Lile la kwao lilikuwa limekunjwa kama karatasi ya maandazi. Akasimama pale dungu lilipokuwa. Castory na mwenzake walijibanza nyuma ya kichuguu. Watu wa kijiji walikuwa wameshasogea mbali kwenye vichaka, mapanga na ndoo mikononi, wale wanaokula tembo na wengine ambao njaa ilikuwa imewalegeza mwiko.

Akapiga. Maneno yalitoka kama makapi. Weh, masikio ya ungo. Weh, uliyezaliwa na koti la baba yako. Mkia wako umemwachia nani. Sauti ikaanza kurudi yenyewe, ikapanda, ikavuka korongo kama zamani.

Kigutu alitoka. Alitembea bila haraka, masikio yamelegea, akipita katikati ya mahindi yaliyolala kama anayeijua njia ya nyumbani. Hakuangalia kichuguu. Aliangalia mikono ya Zamda. Akafika karibu kiasi kwamba Zamda aliona kope zake ndefu na unyevu kwenye ncha ya mkonga, na mkonga ule ukanyooshwa, ukafunguka, ukangoja.

Risasi ilikuwa moja, kama walivyokubaliana. Kigutu alipiga magoti kwanza, kisha akalala ubavu, na ubavu wake ukaichukua ile mistari michache iliyokuwa imesimama chini ya dungu.

Nicolaus alitazama saa yake.

Watu walianza kusogea na mapanga. Hawakufika. Kutoka kichakani yalitoka majike, moja, la pili, kisha kundi zima na watoto wao, walikuwa wamesikia debe nao. Mlio wa bunduki ulikuwa umewarudisha nyuma kidogo, sasa wakaja tena, polepole, wakamzunguka yule aliyelala. Wakamgusa. Jike moja lilimwekea mguu begani, likamsukuma kama anayemwamsha mlevi. Wengine wakaanza kula mahindi ya karibu na nyumba, yale yaliyobaki.

Castory akainua bunduki aipige hewani. Nicolaus akashika mtutu.

"Wageni wameshapita Segera," alinong'ona. "Wako njiani. Ukiwatawanya, watakuta lambo tupu. Usipige."

Basi wakasimama wote. Kijiji kizima kilisimama vichakani, na hakuna aliyejua la kufanya. Mikono ilikuwapo, sauti zilikuwapo, madebe yalikuwapo majumbani. Mzee mmoja alifungua mdomo kutukana, mkewe akamziba kwa kiganja. Mtoto alilia, akanyonyeshwa haraka. Zamda alikuwa bado na debe mkononi. Aliliweka chini kwa uangalifu, kama anayelaza yai, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa nyumba yake. Akawatazama wanakula. Aliwasikia wanavyotafuna.

Jua likainama. Ndipo ng'ambo ya korongo debe la kambini likaanza kulia. Wageni walikuwa wamefika.

Tembo waliinua vichwa kwa pamoja. Waliacha mahindi nusu mdomoni, waliacha maiti yao, wakageuka, na watoto wao wakawafuata wakikimbiakimbia. Watu wakashusha pumzi. Mapanga yakatoka vichakani, wa kwanza walikuwa tayari wanaparamia ubavu wa Kigutu.

"Mnaona?" Semboja alisema, akijifuta jasho. "Halafu watu wanasema kambi haina faida."

Zamda hakumsikiliza. Alikuwa anatazama njia waliyoishika tembo. Kutoka kwake kwenda lamboni hakuna njia fupi ila moja, nayo inapita katikati ya shamba la Grasiana, lililokuwa bado zima, mahindi yameshakauka, yanangoja kuvunwa. Kundi lote liliingia humo. Na kutoka kambini, nyuma ya miti, sauti ya Grasiana ilipanda, safi, haikosei hata neno moja, inatukana masikio yao, magoti yao, mama zao. Hakuweza kuona. Kadiri alivyopiga, ndivyo walivyokaza mwendo.